Samahani rumeti: kisa cha mstari mmoja wa kudesa



Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, nipo, mwaka wa tatu unanipeleka puta lakini nipo. Ukimya ulikuwa na sababu nyingine. Kuna jambo lilinitokea kuanzia mwishoni mwa mwaka wa pili mpaka kwenye BTP, jambo la aibu, na nilijiambia sitaandika kitu kingine hapa mpaka nilieleze hilo kwanza. Nimemwomba ruhusa rumeti wangu. Kasema: andika, ila usitaje jina langu na usinifanye nionekane malaika. Sawa mkuu.

Wengi wenu mnaifahamu ile tovuti ya madesa. Kwa wasioijua, ni hivi. Kila kozi hapa chuoni ina kundi lake la WhatsApp. Mtu anatuma desa, baada ya wiki tatu faili halifunguki, au simu ilijaa ukafuta, halafu usiku wa kuamkia test kila mtu anaomba: jamani nani ana desa la lekcha ya nne? Nikachoka. Mimi ni mtu wa elimu, Hisabati na Jiografia, kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video usiku bando likiwa rahisi. Bumu lilipotoka nikalipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva ya bei poa, nikaweka WordPress, nikaanza kupandisha madesa na mitihani ya nyuma. Rumeti akawa ananisaidia kupiga picha makaratasi na kuyapanga. Nikampa nywila. Tukawa kama kampuni ya watu wawili isiyo na mapato.

Sasa mimi nikataka kaunta. Kale kanamba kanakokaa chini ya ukurasa kakikwambia wewe ni mgeni wa ngapi. Najua ni mambo ya kizamani, tovuti za kaka zetu za 2006 ndizo zilikuwa na kaunta, saa inayozunguka na maandishi yanayotembea kama treni. Ila mimi navipenda vitu hivyo. Nikapata mahali wanakotoa kaunta bure: unanakili mstari mmoja, unabandika, kazi imekwisha. Nikanakili, nikabandika. Namba ikaanza kupanda. Nilikuwa naamka asubuhi naangalia kaunta kabla ya kupiga mswaki.

Ukumbukeni huo mstari.

Malalamiko yalianza wiki kama tatu kabla ya UE. Kwanza dada mmoja wa darasa letu akaniambia kwa utani, naona umepata udhamini wa watu wa kubeti. Sikuelewa. Kesho yake CR wetu akaniambia amefungua desa la Saikolojia ya Elimu, ukurasa ukaruka wenyewe kwenda kwenye mikeka ya mpira. Nikafungua kwenye kompyuta ya maktaba: hakuna kitu. Nikafungua kwenye laptop yangu: hakuna. Nikachukua simu yangu mwenyewe: hakuna, madesa yapo, kaunta ipo, kila kitu shwari. Nikamwambia CR simu yako ina virusi, acha kupakua miziki ya ovyo. Na nilimwambia mbele za watu.

Walipofika watu sita wanaolalamika, nikaacha kusema virusi. Nikaanza kutafuta mchawi. Na mchawi, jamani, nilikuwa nalala naye chumba kimoja.

Niwaambie kwa nini nilimshuku. Rumeti wangu anabeti. Siyo siri, Jumamosi anaandika mikeka kuliko anavyoandika notsi. Na mwezi mmoja nyuma aliwahi kuniambia, mwanangu, hii tovuti ina watu wengi, tuweke tangazo la kubeti tupate hela ya vocha. Nilikataa, tukacheka, yakaisha. Sasa likanirudia lile neno. Nikajumlisha: ana nywila, anapenda kubeti, alitaka tangazo. Kwa hesabu zangu za mwaka wa pili jibu lilikuwa limepatikana. Nikabadilisha nywila usiku akiwa amelala, na asubuhi nikamwambia, najua ulichofanya.

Alinitazama tu. Akauliza, nimefanya nini? Nikamwambia usijifanye. Tukarushiana maneno ambayo siyaandiki hapa. Kuanzia siku hiyo tukaishi chumba kimoja kama wapangaji waliogombana, yeye anapika kwenye korido, mimi nanunua chipsi nje. Hiyo ilikuwa wiki ya UE. Halafu kikatokea kitu kilichonithibitishia kabisa kwamba mimi ndiye mwenye haki: malalamiko yakaisha! Baada ya kubadilisha nywila, kimya. Nikajisemea, mnaona? Sikujiuliza kwamba UE ikiisha nani anafungua madesa. Watu walikuwa wamefunga mabegi.

Nikaenda BTP, shule moja ya sekondari mkoani, sitaitaja. Rumeti alipangiwa mkoa mwingine kabisa. Mimi nikapewa Hisabati Kidato cha Pili na cha Tatu. Vitabu vichache, wanafunzi wengi, si mnajua tena. Nikaona niwasaidie watoto: nikatengeneza sehemu ya maswali ya mazoezi kwenye tovuti yangu, nikaandika anwani ubaoni, nikawaambia wakifika nyumbani waombe simu ya mzazi wafanye maswali kumi. Nilijiona mwalimu wa kisasa.

Wiki ya pili nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nikamkuta mama mmoja ameketi na simu mkononi, na pembeni kijana wangu wa Kidato cha Tatu amesimama ameinamisha kichwa. Mama akanigeuzia kioo cha simu. Mikeka. Akasema, mwalimu, wewe ndiye uliyemwambia mwanangu afungue hii? Nikasema hapana mama, mimi niliwapa maswali ya Hisabati. Akamgeukia mtoto, akasema, si unaona? Ndipo nikaelewa kwamba yule kijana alikuwa ameshachapwa usiku. Alichapwa kwa kusema ameelekezwa na mwalimu, na sasa mwalimu mwenyewe alikuwa amemkana mbele ya mkuu. Kijana hakulia. Alinitazama vile vile kama rumeti wangu alivyonitazama.

Hapo ndipo kichwa kilipogonga. Rumeti hana nywila. Yuko mbali. Nani kaweka?

Usiku nikampigia jamaa mmoja anayesoma kompyuta, wale wa vimbweta vya nyuma ya maktaba. Nikamweleza. Hakuniuliza habari za virusi wala za nywila. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: ukifungua kwenye simu yako, unakuwa umeingia kama msimamizi wa tovuti? Nikasema ndiyo, huwa sitoki. La pili: tovuti yako inachota vitu gani kutoka nje? Nikasema haichoti kitu, yote niliyaweka mwenyewe. Akacheka. Akaniambia, azima simu ya mtu asiyehusika, fungua saa hii hii.

Nikaazima simu ya mama mwenye nyumba. Nikaandika anwani. Madesa yakaonekana kama sekunde mbili hivi, kisha ukurasa ukaruka. Mikeka. Nikakaa pale barazani na simu ya watu mkononi nimenyong'onyea.

Jamaa naye alikuwa ameshafungua tovuti yangu kwenye laptop yake, kwenye ile sehemu ya kivinjari inayoonyesha kila kitu ambacho ukurasa unaenda kuchukua. Akanisomea orodha. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa unaita seva sita, na ya kwangu ilikuwa moja. Kulikuwa na seva ya maumbo ya herufi, ya vitufe vya kushirikisha, na kadhalika. Na kulikuwa na kaunta. Aliyekuwa anatoa kaunta bure alichoka, hakulipia tena jina la tovuti yake, muda ukaisha, mtu mwingine akalinunua. Huyo mpya hakuivunja tovuti yangu wala hakuhitaji nywila. Mlango niliufungua mimi, kwa mkono wangu, na nikaendelea kuangalia namba ikipanda.

Sasa ndugu zangu, hapa naomba mnisikilize kama mnavyonisikiliza nikielezea logarithimu, kwa sababu hili lilinichukua siku mbili kulielewa.

Sisi tunajua kudesa. Ukidesa karatasi ya mwenzako unapata nakala, inabaki kwako. Akibadilisha ya kwake kesho, ya kwako haibadiliki. Mimi nilidhani nimedesa kaunta. Kumbe mstari ule haukuleta kaunta kwangu. Mstari ule unaiambia simu ya kila msomaji: ukifika hapa, nenda kwenye seva ya fulani, chukua maelekezo utakayoyakuta huko leo, uyafuate. Leo atakuta kaunta. Kesho atakuta kaunta na kitu kingine. Mimi mwenye tovuti sioni badiliko lolote, kwa sababu kwangu mstari ni ule ule, herufi kwa herufi. Hiyo siyo kudesa. Hiyo ni kumwachia mtu usiyemjua kalamu na karatasi yako ya mtihani, kila siku upya, halafu jina la juu ni la kwako.

Na kivinjari hakimtengi huyo mgeni. Nilidhani kuna ukuta, kwamba msimbo wa kaunta unaishia kwenye kaunta. Hakuna ukuta. Ukiingia kwenye ukurasa kwa njia hiyo, msimbo unapata mamlaka yale yale ya ukurasa wenyewe. Unaweza kubadilisha maandishi, kusoma mtu anachojaza kwenye fomu, kumhamisha msomaji. Ni sawa na kumruhusu mwalimu wa kujitolea aje kufundisha nyimbo Ijumaa, ukampa funguo zote za shule mpaka za kabati la mitihani. Halafu siku moja anakuja mtu mwingine amevaa kofia yake.

Nikaanza kusoma kama hili limewahi kuwakuta wengine, au ni mimi mjinga peke yangu. Kisa cha kwanza nilichokutana nacho kilinifanya nikae kitako.

Kulikuwa na huduma iliyoitwa Polyfill. Kazi yake ilikuwa nzuri kabisa: kuvitia viraka vivinjari vya zamani, ili mwenye simu iliyopitwa na wakati aweze kutumia tovuti mpya bila kukwama. Wenye tovuti walibandika mstari mmoja unaoita polyfill.io, wakasahau. Februari 2024 jina hilo la tovuti likachukuliwa na kampuni inayoitwa Funnull. Andrew Betts, aliyeanzisha mradi wa Polyfill lakini hakuwahi kulimiliki lile jina, aliwaonya watu hadharani mwezi huo huo kwamba waung'oe ule mstari haraka. Wengi hawakusikia. Tarehe 25 Juni 2024 kampuni ya usalama ya Sansec ya Uholanzi ikatangaza kwamba msimbo mbaya unamiminwa kupitia mstari huo, kwenye tovuti zaidi ya 100,000. Ulikuwa unawahamisha watu wa simu kwenda wapi? Kwenye tovuti ya kubeti michezo.

Na hapa ndipo niliposoma mara tatu. Msimbo ule ulikuwa unachagua. Uliamka kwenye aina fulani za simu tu, kwa saa fulani tu, na ukigundua kwamba anayetazama ni msimamizi wa tovuti, ulinyamaza. Yaani ulitengenezwa ili mwenye tovuti aseme "kwangu mbona hakuna kitu." Neno kwa neno nililomwambia CR. Kaunta yangu haikuwa Polyfill, lakini tabia ilikuwa ile ile, na mimi niliisaidia kazi kwa kiburi changu. Watu sita waliniambia ukweli, nikawaambia simu zao zina virusi.

Baada ya kelele zile jina la polyfill.io lilisimamishwa, na makampuni makubwa kama Cloudflare yakaweka nakala safi badala yake. Mei 2025 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea Funnull vikwazo kwa kuhusika na tovuti za utapeli wa sarafu za kidijitali. Ila kumbukeni, kati ya Februari na Juni mstari ulikuwa pale pale, haujabadilika hata nukta.

Kisa cha pili kiliniuma kama mwalimu. Uingereza kuna kifaa kinaitwa Browsealoud, cha kampuni ya Texthelp, kinachosoma maandishi ya tovuti kwa sauti ili mwenye shida ya kuona au ya kusoma apate kusikia. Sisi tuliosoma elimu jumuishi tunajua thamani ya kitu kama hicho. Tovuti za serikali na za hospitali zilikiweka kwa nia njema, kwa mstari mmoja. Tarehe 11 Februari 2018 mtu akaingilia faili moja huko kwenye chanzo. Tovuti zaidi ya 4,000 zikaanza kwa wakati mmoja kuzitumikisha kompyuta za wasomaji kuchimba sarafu ya Monero bila wao kujua. Mtafiti Scott Helme ndiye aliyeligundua. Miongoni mwa waliokumbwa ilikuwa ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa za watu, ICO. Hao ndio mapolisi wenyewe wa mambo haya!

Miezi minne baadaye, Juni 2018, likafumuka la Ticketmaster, wauza tiketi. Waliweka kwenye ukurasa wa malipo kale kadirisha ka kuuliza maswali, kametengenezwa na kampuni nyingine inayoitwa Inbenta. Msimbo wake ukachezewa, ukawa unakusanya namba za kadi za benki watu wanapolipa. Wateja hadi milioni 9.4 wa Ulaya waliingia kwenye hatari hiyo. Inbenta walijitetea kwamba hawakuwa wameambiwa kuwa kidude chao kimewekwa kwenye ukurasa wa malipo. Novemba 2020 ICO ile ile iliwatoza Ticketmaster faini ya pauni milioni 1.25. Faini hiyo haikumfuata mgeni, ilimfuata mwenye nyumba aliyemkaribisha. Nadhani ni haki. Mama wa yule kijana naye hakumtafuta mtu wa kaunta, alinitafuta mimi.

Kama mnadhani ni mambo ya JavaScript tu, rudini 2011. Vipambo vingi vya WordPress vilikuwa na faili linaitwa TimThumb, la kupunguza ukubwa wa picha. Liliruhusiwa kuchota picha kutoka tovuti chache zinazoaminika kama flickr.com na blogger.com. Lakini lilipokagua anwani liliangalia tu kama jina hilo limo humo ndani, mahali popote. Mtu akitengeneza anwani inayoanza na blogger.com na kuishia kwenye jina lake mwenyewe, anapita. Ni kama mlinzi wa hosteli anayemruhusu yeyote aliyeandika neno "mwanafunzi" kwenye shati. Na kilichochotwa hakikuwa picha, kilikuwa programu ya PHP, ikahifadhiwa kwenye seva mahali inapoweza kuendeshwa. Hapo hushiki tena simu ya msomaji mmoja, umeishika seva nzima. Mark Maunder aliligundua Agosti 2011 baada ya kuona tovuti yake mwenyewe inatoa matangazo ambayo hakuyaweka. Yeye alichimba mpaka akakuta faili. Mimi nilikuta rumeti.

Haya, nilifanya nini? Usiku ule ule nikang'oa kaunta. Kisha jamaa akanisimamia kwa simu nikapitia ile mistari mingine mmoja mmoja, kila mmoja nikiuuliza: wewe una kazi gani hapa, na nani anakumiliki leo? Miwili haikuwa na kazi yoyote, nikafuta. Mmoja nilihitaji faili lake, nikalipakua, nikaliweka kwenye seva yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo kudesa halali: limekaa kwangu, haligeuki mpaka mimi niligeuze. Kazi yake ni kwamba likitoka toleo lililorekebishwa lazima nilifuate mwenyewe, sina budi kukumbuka.

Ukabaki mmoja ambao lazima utoke nje. Huo nikauwekea alama. Vivinjari vina utaratibu, umekuwa kiwango rasmi cha wavuti tangu 2016, ambapo pembeni ya mstari unaandika alama ya kidole ya faili unalolitarajia. Faili likibadilika hata herufi moja, alama inakataa na kivinjari hakiliendeshi. Fikirieni bahasha ya mtihani wa taifa: ikifika chumba cha mtihani lakiri imevunjwa, haigawiwi, hata kama aliyeileta ni mtu unayemfahamu. Tovuti zile 4,000 zingekuwa na lakiri hiyo, uchimbaji wa Februari 2018 usingewafikia wasomaji wake. Lakini isiwalevye. Haifai kwa faili linalobadilika kwa kila msomaji. Polyfill ilikuwa hivyo, kila kivinjari kilipewa kiraka chake, kwa hiyo hapakuwa na alama moja ya kuandika. Kwa kitu cha namna hiyo dawa ni kutokiita kabisa, au kukiita kwa mtu utakayeendelea kumfuatilia.

Nikaweka pia orodha ya getini, maelezo ambayo seva yangu inakipa kivinjari kwamba msimbo uruhusiwe kutoka sehemu hizi tu, pengine popote ukatae. Nayo ina mpaka wake. Kama kaunta ingekuwa kwenye orodha, mlinzi angeifungulia geti na kuipigia saluti.

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwomba amwite yule mama. Nikawaeleza kwa maneno machache kuliko haya, kwamba tovuti ni yangu, kwamba mtoto alisema kweli, na kwamba niliweka kitu cha mtu nisiyemjua na huyo mtu amebadilika. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kwa hiyo mwalimu hukujua umemwingiza nani? Nikasema sikujua mama. Akasema, basi ndivyo ungesema jana.

Darasani nikamwomba kijana radhi mbele ya wenzake, kwa sababu wenzake walikuwa wameshasikia. Alisema sawa mwalimu, kama wanavyosema wote. Wiki nzima hakunyoosha mkono. Wiki iliyofuata akanyoosha, swali la vipeo, akakosea, nikafurahi kupita kiasi.

Rumeti nilimtumia meseji ndefu. Hakujibu. Chuo kilipofunguliwa nilimkuta ameshafika, ametandika kitanda chake, redio imewashwa. Nikaanza maelezo yangu ya seva na kaunta na Polyfill. Akanikata. Akasema, kaka, hayo ya seva nimeyaelewa kwenye meseji. Ila ulinibadilishia nywila kabla hujaniuliza.

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nilimuuliza yule niliyelala naye chumba kimoja miaka miwili kama anayeshtakiwa, na yule wa kaunta ambaye sijui hata nchi yake sikumuuliza chochote. Nilimpa tovuti, nikampa darasa langu, nikampa simu ya mama wa watu, kwa sababu tu aliniambia ni bure na ni mstari mmoja.

Tunapika pamoja tena, tangu wiki iliyopita. Jana kaniambia nimrudishie nywila, kuna mitihani ya nyuma ya Takwimu amepata. Nimempa, na nikamwonyesha orodha nzima ya vitu ambavyo ukurasa unaita. Sasa ni viwili. Akauliza, na hiki cha pili cha nani? Nikaona kumbe anafaa kuliko mimi.

Kwa leo niishie hapa. Mwenye tovuti yake, iwe ya kundi la darasa, ya kwaya au ya duka la mjomba, leo usiku azime simu ya mtu mwingine aifungue, na akikuta mgeni asiyemjua anijulishe tumtoe pamoja. Kaunta sina tena, kwa hiyo sijui mmesoma wangapi. Nisalimieni kwenye maoni nijue mpo.

Alamsiki.